Kinyozi aliyehukumu filamu akiwa usingizini

Ni Jumanne asubuhi na benchi limejaa. Kinyozi anakung'uta kitambaa cheupe, anakifunga shingoni mwa dereva wa lori aliyeketi kwenye kiti cha kuzunguka, kisha anapuliza nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine. Si wote walio kwenye benchi waliokuja kunyoa. Wawili vichwa vyao vinang'aa tangu juzi.

"Hakimu, leta hukumu," anasema mmoja wao, muuza vipuri vya baiskeli. "Jana umeona nini?"

"Sikwenda."

"Jumatatu ipite wewe hujaenda sinema? Unaumwa?"

Kinyozi anawasha mashine, na mlio wake unajaza chumba.

Jumatatu ndiyo siku anayofunga duka. Tangu wanawe waanze kujitegemea, mchana wa siku hiyo huutumia kwenye ukumbi wa sinema ulio mwisho wa barabara, onyesho la saa nane, ambalo tiketi yake ni nafuu. Hata hivyo unafuu wenyewe ni wa kuhesabu: tiketi moja ni sawa na vichwa viwili, na siku mbaya hanyoi zaidi ya vitano.

"Kama nimetoa vichwa viwili kwa ajili ya filamu, siwezi kunyamaza," anasema. "Ikiwa nzuri nitasema. Ikiwa mbaya nitasema mara mbili."

Hukumu zake ni tatu: imeiva, mbichi, imeungua. Hajidai kujua zaidi ya mtazamaji mwingine yeyote. "Mimi hata kamera sijui inashikwa upande gani. Nasema nilichokiona."

Filamu ya jambazi aliyejificha porini mwezi mzima aliiita mbichi. "Ndevu zimechongwa pembeni kwa wembe mpya. Huko porini kinyozi alikuwa nani, nyani?" Ile ya mzimu aliitupa kabisa, kwa sababu mzimu uligonga mlango kabla ya kuingia. "Mzimu gani unapiga hodi?" Ya mapenzi iliiva, ila wapenzi waliagana mara nne. "Mtu akiaga, aende."

Mtaa ulimzoea. Wenye uwezo wa kukata tiketi moja kwa mwezi walipita kwanza dukani kwake. Ndiyo maana wakampa jina la Hakimu, naye akalivaa kama koti la sikukuu.

Kitu kimoja hakuwaambia. Siku sita za wiki anasimama kwa miguu yake tangu anapofungua hadi anapofunga. Kiti cha sinema ni laini, ukumbi ni giza, kiyoyozi kinapuliza taratibu. Akishakalia kitu laini gizani, macho hayamsikii tena.

"Mwanzo nauona. Mwisho nauona," anasema kwa sauti ya chini, akifuta wembe ambao tayari ni mkavu. "Katikati naota yangu."

Majuma machache yaliyopita ukumbi ulionyesha filamu iliyotengenezwa na vijana wa hapa hapa mjini, isiyo na bunduki wala gari linalolipuka. Mwanamke mtu mzima anapiga pasi mashati ya kiume. Kinyozi aliona shati la kwanza, la pili, na pengine la tatu. Alipozinduka, watu walikuwa wanaruka magoti yake wakielekea mlangoni, na kwenye pazia yule mwanamke bado alikuwa na pasi mkononi.

Kesho yake benchi lilimuuliza, naye akatoa hukumu.

"Mbichi! Dobi anapiga pasi nguo za wateja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka kuona pasi, nenda kwa dobi pale kona, utaona bure, na shati lako litanyooka."

Dereva wa lori anakumbuka alivyocheka. "Tulishika mbavu. Nilifika hadi kituo cha mizigo nikaisimulia." Kabla wiki haijaisha, mtaa mzima ulikuwa unaiita filamu ya pasi.

Mtu mmoja hakucheka. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka hili, alikuwa amekaa mwisho wa benchi akingoja zamu yake ya kunyolewa ndevu. Aliinuka polepole.

"Nimeacha gundi wazi," alisema, akavuka barabara.

Hakurudi siku hiyo, wala wiki hiyo. Kwa miaka mingi kinyozi ndiye aliyemnyoa, naye ndiye aliyeshona viatu vya nyumba nzima ya kinyozi. Sasa kila kinyozi akiinua macho kutoka kwenye kichwa cha mtu, anaziona zile ndevu ng'ambo ya barabara, zimeota ovyo, nusu nyeupe.

Sababu aliijua kwa mkewe. Mama huyo, mshonaji, aliamua kwenda kuiona filamu na wenzake wa chama cha akina mama, akarudi macho yamemvimba.

"Haya, baba watoto, yule binti umemwonaje?" aliuliza akivua viatu.

"Binti gani?"

"Binti wa fundi viatu. Kitinda mimba wake."

"Yumo?"

Mkewe aliacha viatu. "Hebu niambie. Yale mashati yalikuwa ya nani?"

"Ya wateja."

"Ya marehemu mumewe! Anayapiga pasi kila siku kana kwamba atayavaa kesho. Binti anarudi nyumbani, anamshika mkono, anamwambia, 'Mama, pasi haina moto. Umeme walishakata.' Ukumbi mzima tulilia. Wewe ulikuwa wapi?"

Kinyozi aliokota viatu vya mkewe, akavipanga mlangoni.

"Ulilala," mkewe alisema. "Kweli kinyozi hajinyoi. Vichwa vya watu unaviona, chako hukioni."

Binti huyo alikuwa amemwambia baba yake peke yake kwamba yumo. Alitaka majirani wakate tiketi bila kujua, wamwone wenyewe, washtuke kwa furaha. Wengi walikuwa wamepanga kwenda Jumamosi. Hawakwenda, na kufikia mwisho wa wiki filamu ilikuwa imeondolewa.

Dada anayeuza tiketi hataki kumtwisha mtu mmoja mzigo huo. "Filamu huondoka kwa mengi. Wiki ile mvua ilinyesha, na kulikuwa na mechi," anasema. Kisha anaongeza, kama anayeomba radhi: "Lakini walikuja watu dirishani wakaniuliza, 'Hii ndiyo ile ya pasi?' Wakacheka, wakakata ya mapigano."

Kinyozi alivuka barabara mara ya kwanza akiwa na viatu vyake mkononi. Fundi alivigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba. "Hivi bado vina maisha," alisema, akamrudishia. Kinyozi alishukuru, akarudi navyo. Msamaha aliokwenda kuomba hakuuomba.

Mara ya pili alikwenda mikono mitupu.

"Jirani, nataka nikwambie. Ile filamu, mimi nililala."

Fundi viatu hakuacha kushona. "Najua."

"Nani amekwambia?"

"Nilikuwa nyuma yako. Mwanangu anaongea, wewe unakoroma." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Kesho yake nikaja kukaa kwenye benchi lako. Nikasema, huyu ni mtu mzima, atawaambia alilala, tutacheka, yataisha."

Kinyozi alichuchumaa mbele ya kibanda.

"Nisamehe, jirani."

"Mimi umeniambia," fundi alijibu. "Lakini mimi sikucheka."

Neno hilo ndilo analotembea nalo tangu siku ile, na ndilo lililomzuia kwenda sinema jana. Leo, nusu ya kichwa cha dereva ikiwa tayari na nusu bado, anazima mashine. Anageukia benchi.

"Jamani. Ile filamu ya pasi sikuiona. Nililala."

Benchi linalipuka kwa kicheko.

"Hakimu amelala mahakamani!" anapiga kelele muuza vipuri.

"Sitanii. Hata yule mama si dobi. Yale mashati ni ya mumewe aliyefariki. Na anayekuja kumshika mkono ni binti wa fundi pale." Anaelekeza kidole ng'ambo, kisha anakishusha upesi. "Baba yake aliwasikia mkicheka. Niliyewachekesha ni mimi."

Kicheko kinakatika kimoja kimoja. Muuza vipuri anakuna kichwa kisicho na unywele.

"Na ile ya jambazi, uliiona?"

"Nusu."

"Ya mzimu?"

"Mpaka ulipogonga mlango."

"Mimi nilimkataza mke wangu ile," anasema dereva, akimtazama kwenye kioo. Hana hasira sana, na hilo linamchoma kinyozi zaidi. Anawasha tena mashine. Masikio yake yameiva kwa aibu.

Jumapili hii filamu ya pasi itaonyeshwa tena, mara moja tu, katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Kinyozi ameshamwomba mlinzi wa mlango amruhusu asimame nyuma, ukutani. "Nikiwa nimesimama sijawahi kusinzia," anasema. "Ningekuwa nimeshakata masikio ya watu."

Hatarajii binti amsalimie, wala baba yake amwambie yameisha. "Natamani siku moja tu avuke, akae hapa, aseme, 'Punguza.' Basi. Nitapunguza, sitasema neno."

Dereva anashuka kitini, anajipangusa shingo. Mlangoni anageuka.

"Lakini sasa, Hakimu, hiyo ya pasi tuseme imeiva au mbichi? Jumapili niende?"

Kinyozi anakunja kitambaa mara mbili, anatazama ng'ambo ya barabara, ambako nyundo ya fundi viatu inagonga taratibu.

"Sijui," anasema. "Sijaiona."