Jabez Thurlow na Kura Iliyoliwa

Jabez Thurlow, fundi mapipa, alivuka bahari kutoka Uingereza akiwa na miaka ishirini na minne. Alitapika wiki tisa mfululizo. Aliposhuka New England, koloni la Waingereza huko Amerika, alisema hatapanda tena kitu kinachoelea, na kweli, hata mtumbwi ukiwa pale pale ukingoni, yeye alivuka mto wetu kwa miguu, maji kifuani, kofia mkononi.

Tulimchagua awe mwakilishi wa mji wetu wa Alderbrook kwa sababu siku ya mkutano hakuwepo. Alikuwa nyumbani, ameng'olewa jino. Mkewe, Mehitabel, ndiye aliyempelekea habari.

"Wamekuchagua uende Barazani."

"Mimi? Nani kawaambia nataka?"

"Hakuna. Ungekuwepo ungekataa, mume wangu. Wengine wote walikuwepo, wakakataa."

Tulimwagiza jambo moja tu. Baraza la koloni lilikuwa linaamua kama miji ya mtoni iruhusiwe kuacha nguruwe wazurure bila pete puani ya kuwazuia kufukua mashamba. Sisi tulitaka ruhusa hiyo, maana kumvisha nguruwe pete ni kazi ya wanaume wanne, na mmoja wao lazima ang'atwe.

Jabez alitembea siku mbili, mfuko wa koti umejaa mahindi ya kukaanga aliyofungiwa na Mehitabel. Barazani kila mwakilishi alipewa punje moja ya mahindi na harage moja: mahindi ni ndiyo, harage ni hapana. Akavitia vyote mfukoni. Hotuba zilichukua saa tatu, na saa zote hizo mkono wake ulikuwa unatoka mfukoni kwenda mdomoni. Kisanduku cha kura kilipofika karibu, akapapasa mfuko, kisha akamgeukia Nahum Pell, mwakilishi wa mji jirani.

"Nahum, nimekula kura."

"Umekula nini?"

"Kura. Nilidhani ni mahindi ya mke wangu."

"Si utie harage basi, yaishe."

"Nikitia harage narudi vipi nyumbani? Nguruwe wenyewe watanifukuza."

Akachokoa pindo la mfuko, akapata punje moja ya kukaanga, imeungua upande. Akaitumbukiza.

Karani akahesabu: mahindi ishirini, maharage ishirini, na kitu kimoja cheusi. Akakinusa.

"Hii ni ya nani?"

Jabez akasimama. "Yangu, bwana. Ile mliyonipa nimeila."

"Kwa makusudi?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa njaa."

Walibishana hadi kesho yake. Bwana mmoja wa pwani alishikilia kwamba mahindi yasiyoweza kuota si mahindi. Nahum akamuuliza, "Na samaki akikaangwa kwako, bwana, hugeuka kuku?" Mwenyekiti, aliyekuwa amechoka na tumbo linamnguruma, akaamua kuwa punje ni punje. Nguruwe wakashinda kwa kura moja.

Tulimpokea Jabez kwa shangwe. Majira ya kuchipua yaliyofuata, nguruwe kumi na mmoja waliingia bustanini kwake wakala kabichi zote, na mmoja akalala ndani ya pipa jipya. Akaja mkutanoni kushtaki.

"Malalamiko ya nguruwe hupelekwa kwa mwakilishi," tukamwambia.

"Mwakilishi ni mimi."

"Basi yameshafika."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nadhani siku hiyo ndipo alipoipenda kazi yenyewe. Alituwakilisha miaka kumi na saba, na tangu hapo Mehitabel alimfungia jibini tu.

Alifariki mchana mmoja karakanani, ameketi wima juu ya kigoda. Mehitabel alisimama mlangoni akamlaumu muda mrefu kuhusu ua uliobomoka kabla hajagundua.

"Nilishangaa," alituambia akifuta macho kwa aproni, "kwa nini leo ananisikiliza vizuri hivyo."