Maji Niliyomkataza Binti Yangu

Binti yangu wa mwisho akicheka huvuta ncha ya mtandio na kufunika mdomo. Wageni husifu adabu yake. Adabu anayo, lakini sababu ni meno. Ya mbele yana madoa ya kahawia, na mawili yamemeguka kingo. Mimi ndiye niliyeyaharibu, na kwa miaka mingi sikumwambia.

Alipokuwa na miaka miwili tulikuwa tukiishi katika kituo kidogo upande wa Tarbaj. Maji yetu yalitoka kwenye kisima cha mashine, mazito na yenye chumvi. Ukichemsha chai mara tatu, sufuria ilishika ukoko mweupe. Mfanyabiashara mmoja kutoka bara alileta mtambo wa kuchuja maji, akawa anauza maji matamu kwa mtungi. Mke wangu aliomba tumchukulie mtoto mtungi mmoja kila wiki. Uwezo nilikuwa nao, lakini nilikataa.

Nilisoma hadi kidato cha nne, ila siku hiyo niliwaza kama mchungaji. Kwetu kila mtu anajua kwamba ngamia akinywa maji matamu mfululizo bila kupata chumvi hukonda, ngozi yake huharibika, na mwishowe hana nguvu ya safari. Ndiyo maana tunawapeleka kwenye visima vya chumvi hata kama bwawa la mvua liko karibu. Niliyaonja yale maji ya dukani, hayakuwa na ladha yoyote. Nikasema maji yasiyo na kitu ndani yake hayawezi kujenga mfupa wala jino.

"Mtoto wangu si ngamia," mke wangu alisema.

"Ngamia umewahi kumwona akiugua jino?"

"Nimemwona akila miiba. Na huyu nimpe miiba?"

Nilicheka, lakini neno langu halikubadilika. Kwa kuwa niliogopa magonjwa ya tumbo, niliagiza maji ya kisima yachemshwe sana. Nilijiona mzazi makini.

Meno ya utotoni yalipong'oka, yale ya ukubwani yalikuja na mistari myeupe kama chaki. Mwaka mmoja baadaye mistari ikawa kahawia. Nilidhani ni uchafu. Kila asubuhi nilimkalisha mlangoni, nikamsugua kwa kijiti cha mswaki na unga wa makaa hadi ufizi ukatoka damu. Nilimwita mvivu. Alikuwa na miaka minane.

Alipofika kumi na miwili nilimpeleka Wajir, kwa daktari wa meno aliyekuwa amehamishiwa huko kutoka bara. Alimwangalia, akamwomba asubiri nje, kisha akaniuliza tunakunywa maji gani. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya ngamia.

"Mzee wangu," alisema, "huu si uchafu. Maji ya kisima chenu yana floraidi nyingi. Ni madini. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya ufizi, meno hutoka na madoa, na hayasafishiki."

"Tuliyachemsha."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiendi popote, na maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea."

Nilimuuliza kama yale maji matupu ya dukani yangemdhoofisha. Alitikisa kichwa. Mtu anayekula vizuri, alisema, madini ya mifupa na meno huyapata hasa kwenye chakula, na mtoto anayekunywa maziwa kila siku hapungukiwi kwa sababu maji yake yamechujwa. Alinionya tu nisidhani maji hayo ni dawa. Hayana floraidi hata ile kidogo inayosaidia jino, kwa hiyo lazima mtoto apige mswaki kwa dawa ya meno, na sukari ya chai ipunguzwe.

Tulipotoka, binti yangu aliuliza, "Aabo, daktari amesemaje?"

Nilimjibu, "Ndivyo Mungu alivyokuumba."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko maji yenyewe. La maji sikulijua. Hili nililisema kwa makusudi, nikamsingizia Mwenyezi Mungu kosa langu. Mke wangu, aliyekuwa nami kwa daktari, alinisikia, na alifariki bila kuitoa siri hiyo.

Sasa ninaishi Garissa. Mwaka jana binti yangu alikuja kuniaga, amempakata mwanawe wa miezi saba. Mume wake alikuwa amepata kazi kule kule Tarbaj, kwenye kituo chetu cha zamani. Aliniwekea mtoto mapajani, akasema, "Watu wa huko wanasema maji ya kuchujwa hayana nguvu, yanalegeza mifupa. Nitampa ya kisima, kama nilivyokunywa mimi. Au wewe unaonaje, Aabo?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameota meno mawili chini, meupe kabisa. Kama ningenyamaza, yale yatakayofuata yangekuwa kama ya mama yake.

Nilimweleza. Sikumtaja Mungu wala ujinga wa zamani. Nilisema, "Mama yako aliyataka maji yale, mimi nikakataa. Daktari aliniambia ni maji, mimi nikakudanganya."

"Na ule mkaa?" aliuliza. "Kila asubuhi?"

"Ndiyo."

Alimchukua mtoto mapajani mwangu akaondoka. Wiki tatu hakupiga simu.

Alipopiga, hakunisalimu kwa urefu. "Niko na majirani hapa. Mimi hawanisikii, wananiona wa juzi. Nimeweka simu kwenye spika. Waambie mwenyewe, na uwaambie ni nani aliyekataza."

Niliwaambia. Nilisema si kila kisima kiko hivyo, lakini hicho chao ninakijua, na madoa yako mdomoni mwa binti yangu.

"Wallahi, mzee," mama mmoja alisema, "ulimlea binti kwa sheria za zizi!" Wengine wakaangua kicheko.

"Ndiyo, mama. Ndivyo nilivyofanya."

Mwingine aliuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu mwanawe aliyefika miaka tisa na madoa yameshatokea. Nilimwambia ukweli, kwamba hayo hayaondoki kwa kusuguliwa, na asimsugue.

"Ana mdogo wake?" nilimuuliza.

"Yupo. Ana mwaka mmoja."

"Basi huyo mpe ya kuchujwa, kuanzia leo."