Gari Lisilosimama Makere

Mdogo wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na kompyuta mpakato, waya mrefu, na kiburi cha mtu aliyejifunzia ufundi kwenye simu. Gari letu ni la zamani na injini si yake. Tulilifungia nyingine, kubwa zaidi, lipande milima na magunia ya maharage, na tangu hapo lilikuwa mlevi wa petroli. Akachomeka waya chini ya usukani, akaingia kwenye kontrolboksi, ile kompyuta inayoiamuru injini inywe kiasi gani, akaanza kubonyeza.

Dereva ni mimi. Kila mwezi namchukua mama kijijini Kumsenga nampeleka kliniki ya presha Kasulu, na njiani tunasimama Makere kwa rafiki yake, aliyelima naye tangu usichana. Mama hasalimii dirishani. Anashuka, wanapigiana makofi yale ya taratibu ya salamu yetu ya Kiha, "Mwidiwe," "Mwidiwe," anauliza watoto, migomba, mguu unaomsumbua mwenzake, na makofi hayakomi mpaka kila kitu kimeulizwa. Injini naiacha inaunguruma, maana stata ikishapata moto haishiki tena.

Mdogo wangu alipanda nasi mara moja, kompyuta mapajani, akanionyesha mistari yake ya matumizi ya mafuta. "Haba na haba, dada. Hapa Makere mnachoma mafuta bure."

Nikamwambia kwamba huko kusimama ndiko safari yenyewe ya mama. Akacheka. Akashusha sailensa, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, akabana na mafuta, akarudi zake Dar.

Mafuta yalipungua, sikatai. Lakini safari iliyofuata, mama hajamaliza hata kuuliza watoto, injini ikazimika. Ikabidi tusukumwe. Wapita njia walisukuma, na yule rafiki naye, na mguu wake mbovu, akaweka mikono kwenye buti. Mama aliinamisha uso mpaka tukafika Kasulu. Mwezi uliofuata akaniambia, "Pita tu, mwanangu. Nitampungia."

Basi tukawa tunapita. Nilimpigia simu mdogo wangu arudishe kila kitu kilivyokuwa. Akasema nisubiri likizo, mafundi wa huku wataharibu kazi yake, na kwani kuna nini, mtazoea. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anakula na kulala Dar, halafu anatupangia sisi cha kuzoea.

Siku moja nilikuwa sokoni Kasulu, na mwanamke mmoja wa Makere anayeuza dagaa akanipimia bila kuniangalia. "Mama yako siku hizi bosi," akasema. "Kapata gari, kasahau makofi. Mwenzake kafiwa na mume, nyie mnapita mnapunga."

Nikakumbuka. Safari moja, tukipita, tuliona watu wengi uani kwa yule rafiki. Mama alidhani wanapukuchua mahindi. Alipunga mkono na kucheka.

Nilimwambia mama. Alikwenda kukaa jikoni, moto ukazimika akiutazama. Nami sijawahi kumchukia ndugu yangu wa damu kama nilivyomchukia jioni ile.

Alipokuja likizo sikumkaribisha hata chai. Nilimpa ufunguo. "Rudisha. Linywe mpaka lipasuke." Akaanza kunieleza habari za uwiano wa hewa na petroli. Nikamwambia anyamaze abonyeze, na kesho yake nikamlazimisha apande kiti cha nyuma.

Makere nilisimama. Injini iliunguruma vizuri, bila kukohoa. Mama akashuka na kilo zake za sukari za rambirambi, akaziweka chini, akapiga magoti, akaanza makofi. "Mwidiwe."

Rafiki yake alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Karibu," akasema, kwa Kiswahili, kama anavyoambiwa mgeni wa ofisini. Mikono yake haikutoka kwenye maharage. Mama aliendelea kupiga makofi peke yake, akiuliza watoto, migomba, mguu, na hakuna kilichojibiwa.

Nikageuka nyuma, nikamwambia mdogo wangu afungue kompyuta yake anionyeshe hapa Makere tumeokoa nini. Alikuwa ameikumbatia, imefungwa, na hakunitazama.