Fungu la Mussa

Katika mtaa wa Isevya, mjini Tabora, Tunu binti Sabiri anajulikana kwa wali wake wa shughuli. Iwe harusi, maulidi au msiba, sufuria zake ndizo zinazoinjikwa. Majirani wanamjua pia kwa jambo jingine. Kwa miaka mingi, kila alipopika, kabla mtu yeyote hajaonja, alichota upawa mmoja, akautia katika bakuli la bati lenye ua jekundu, akalifunika. Hilo lilikuwa fungu la mdogo wake, Mussa.

Mussa aliondoka nyumbani akiwa kijana, kwa treni ya kuelekea mashariki, kwenda kutafuta kazi machimboni. Abiria mmoja alisema alimwona akishuka Tura, begi begani, akashika njia ya miguu iendayo nyikani. Habari zake ziliishia hapo. Ndugu walimsihi Tunu wamsomee Mussa hitima. Aliwajibu kwamba hitima husomewa aliyekufa, na yeye hajaonyeshwa kaburi. Mama yao alifariki akilishikilia jibu hilohilo.

Desturi ya fungu ilitoka kwa babu yao, ambaye baba yake aliwapikia wapagazi wa misafara. Kwa masimulizi ya ukoo huo, mpishi wa msafara aliwatengea chakula waliochelewa njiani, na jua lilipozama aligeukia walikotoka akawaita, kila mtu kwa jina lake. Kuita bila kutaja jina kulikatazwa, kwa kuwa nyika waliyoipita ilikuwa imebakiza watu wengi waliokufa bila kuzikwa. Tunu alitenga chakula, lakini hakuwahi kuita.

Kiangazi cha mwaka jana, kikundi cha ngoma cha Nestory kilialikwa kwenye tamasha la sanaa nje ya Tura, ukingoni mwa nyika kavu ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Walihitaji mpishi. Tunu alikubali mara tu alipolisikia jina la Tura.

Walipiga mahema kwenye uwanda wa udongo uliopasukapasuka. Wachongaji walikuwa wamesimamisha safu ndefu ya sanamu za wapagazi, zilizoundwa kwa miti mikavu na magunia, kila moja na mzigo kichwani, zote zikitazama magharibi, upande wa Tabora. Upepo ulipopita, magunia yalijaa na kunywea kama vifua vya watu waliochoka.

Jioni ya kwanza Modest, mpiga ngoma, alimwona Tunu akilifunika bakuli.

“Mama Najiat, huyo mgeni wako mbona haonekani wala hakosi fungu? Mie niliyebeba mahema nagombania ukoko!”

“Ukoko huo hapo. Kula, unyamaze.”

Jioni ya pili ilikuwa zamu ya kikundi. Nestory aliigiza kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Alipuliza baragumu, akageukia mashariki na kupaza sauti: “Mlio nyuma, njooni! Chakula tayari!”

Upawa ulimponyoka Tunu. “Nestory! Hukutaja jina!”

“Mchezo tu, Mama Najiat.”

Watazamaji walicheka. Kicheko hakijaisha, kukasikika nyayo kutoka mashariki, nyayo za watu wengi waendao bila haraka, udongo mkavu ukivunjika chini ya miguu yao. Zilipofika kwenye safu ya sanamu zilikoma. Watu wakapiga makofi, wakimsifu fundi mitambo. Fundi huyo, Mgogo kutoka Dodoma, alitokea nyuma ya gari akijipangusa grisi.

“Mnanipigia mimi makofi? Jenereta limekufa tangu alasiri. Sijawasha kitu.”

Siku iliyofuata, jua lilipogusa upeo, nyayo zilirudi, na safari hii hakuna aliyeziita. Zilizipita sanamu, zikakomea karibu na kamba za mahema. Hapakuonekana mtu. Palinuka jasho na vumbi. Advera, mcheza ngoma, alisogeza mkeka wake mpaka mgongo wake ukagusana na wa Tunu.

“Babu yako alisemaje kuhusu haya?” Nestory aliuliza. Mzaha ulikuwa umemtoka.

“Ukiwaita wote, wote husimama wakingoja. Hawatarudi mpaka mmoja wao atajwe kwa jina, apewe chakula. Hapo wengine huenda zao.”

“Basi mtaje babu yangu,” alisema Advera. “Alifia Kaliua.”

“Alizikwa?”

“Alizikwa, na padri alikuwepo.”

“Basi huyo hayuko nyuma, mwanangu. Amefika.”

Modest alichora ardhi kwa kijiti. Wote walijua ni nani miongoni mwao mwenye jina la kutaja, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

“Sitamwita,” alisema Tunu. “Nikimwita hapa akaja, ndiyo basi tena.”

“Na asipokuja?” aliuliza Nestory.

Tunu alisukuma kuni motoni. “Asipokuja, yu hai.”

Jioni ya mwisho alipika wali na kisamvu cha karanga, chakula alichokipenda Mussa. Alichota fungu, akaliweka chini ya sanamu ya mwisho, mahali ambapo mwanga wa moto haukufika. Jua lilizama. Nyayo zilikuja.

“Mussa!” aliita. “Mussa bin Sabiri! Ni dada yako. Chakula tayari.”

Nyayo zilikoma zote kwa pamoja. Kisha nyingi ziligeuka, zikaanza kufifia kuelekea mashariki. Za mtu mmoja zilisonga mbele, taratibu, mpaka penye bakuli.

Tunu alikuwa na tochi mkononi, kidole kikiwa juu ya swichi. Baadaye, nilipokuwa nikiikusanya habari hii, nilimuuliza kwa nini hakuiwasha. “Alikuja kula,” alisema. “Hakuja kutazamwa.” Usiku ule aligeuka, akarudi motoni bila kuangalia nyuma.

Asubuhi walilikuta bakuli tupu, hakuna hata punje iliyomwagika, nalo limegeuzwa kifudifudi. Nilimhoji kila mmoja peke yake. Wote walikana kuligusa. Wala hawakujua kwamba Mussa, tangu utotoni, aliposhiba alilipindua bakuli lake hivyo, na kila mara mama yake alimpiga kofi mkononi kwa kuiletea nyumba uchuro.

Tunu aliketi kando ya bakuli mpaka jua likawa kali. Modest alikuja, akachuchumaa.

“Pole, mama.”

“Nimeshapoa. Fungeni mahema, twende nyumbani.”

Ijumaa iliyofuata hitima ya Mussa ilisomwa Isevya. Tunu alipika mwenyewe. Wali ulipoiva, binti yake Najiat alinyoosha mkono kulichukua bakuli lenye ua jekundu, kama alivyozoea.

“Liache,” Tunu alimwambia. “Amefika.”