Sakisofoni Iitayo Watu Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya maneno machache ya kiongozi wa orkesta ya jazi kule Kinshasa. Nilikuwa nimejifunza sakisofoni katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia, kisha kwa walimu wa mjini, na nilidhani nimeiva. Aliponisikiliza kwa simu alisema, "Vidole vyako viko na mbio, lakini haviongei na mutu. Mimi ni mutoto wa Kabambare. Nenda kule kwa Mama Feza, ndiye alinifundisha. Mwezi ukiisha nitakusikiliza mara ya mwisho." Nafasi katika orkesta yake ilikuwa moja tu, na sikuwa na kazi nyingine niliyoitaka duniani.

Alfajiri mimi na dereva tulitoka kwa pikipiki, ala nimeifunga mgongoni. Njia nzima ilikuwa matope na mashimo, tukawa tunapanda na kusukuma kwa zamu. Saa saba mchana mvua ilitukuta. Nikavua koti, nikaifunika ala, nikalowa chapachapa. Dereva akacheka: "Weye uko unalowa, ile chuma iko mukavu. Kweli ni bibi yako wa ndoa."

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, tulifika Kabambare. Mama Feza nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alianzia kwenye fanfari kama mimi, akapiga miaka mingi katika madansi ya Kalemie na Bukavu, kisha akarudi kulima. Hakuniuliza nimesoma wapi. Bugali ulipoiva alichukua sakisofoni yake iliyochakaa, akapiga sauti chache za juu na za chini kuelekea ng'ambo ya kijito. Haukupita muda, kaka yake Shabani akatokea na jembe begani, akanawa mikono. Mwili ulinisisimka.

"Kila mutu hapa iko na jina lake la ngoma," Mama alinieleza. Baba yao alikuwa akiita watu kwa ngoma ya gogo, naye akayahamishia majina yale kwenye sakisofoni. La Shabani maana yake ni mlimaji asiyekimbia mvua. "Kesho utamuita weye. Siku tatu. Asipokuja, utarudi kwenu."

Siku ya kwanza nililipiga jina lile nikalitia manjonjo yote niliyofundishwa. Majirani walisimama, wakanipigia makofi. Shabani hakuja.

"Ni muzuri," Mama alisema, "lakini uko unaita nani?"

Jioni Shabani alirudi, akala bugali uliopoa. Siku ya pili nilipunguza manjonjo, lakini nikaongeza mwendo. Akala uliopoa tena, na niliona haya kumtazama.

Siku ya tatu Mama alinituma asubuhi nikalime na Shabani. Nililima mpaka mgongo ukaniuma. Yeye alikwenda polepole, hapumziki, anaguna kila jembe linapogonga jiwe. Mchana nilirudi mimi peke yangu. Nilipiga jina tupu kwa mwendo wa jembe lake, nikiiwaza njaa yake, kisha nikangoja. Akatokea kwenye migomba.

"Nilikuwa nakusikia toka juzi," alisema akinawa. "Leo ndiyo umeniita."

Nililia mbele ya bugali wa moto. Tangu siku hiyo Mama alinifundisha majina ya mtaa mzima, asubuhi na jioni, na kila mtu aliyeitika alinistaajabisha upya. Siku ya kuagana alinipa jina moja zaidi.

Kasongo nilirudi na homa na viatu vilivyochanika. Kitu nilichotoka nacho Kabambare ni kidogo: kabla sijapuliza, nijue namwita nani. Nilimpigia simu kiongozi, na badala ya kumsalimia nikapiga jina la ngoma alilopewa alipozaliwa. Upande wa pili nikasikia kiti kikisogezwa.

"Naam, Mama," aliitika kwa sauti ndogo. "Niko nakuja."

Ilichukua muda kabla hajakumbuka kwamba yuko Kinshasa, na kwamba mimi ndiye wa kwenda kwake, kuichukua ile nafasi.