Mwandiko Mwingine kwenye Faili ya Arap Koech

Sinywi pombe, na siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri na kushiba chai. Naanza hivyo kwa sababu najua mtakachouliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa kazini.

Mimi ni muuguzi. Katika hospitali moja ya huku kwenye chai, nawapa wagonjwa wa saratani dawa ya mshipani, ile watu huiita kemo. Kazi yangu hasa ni kueleza. Mtu akiingia na hofu, namkalisha, namwambia: dawa hii ni kama jembe kwenye kitalu cha miche ya chai. Linang'oa magugu, lakini linakwaruza na miche. Kwa siku kadhaa damu yako inapungukiwa na askari wake, yaani chembe nyeupe, kwa hivyo ukipata homa hata kidogo, usingoje kukuche. Njoo. Wagonjwa walinipenda kwa hilo, nami, nakiri, nilipenda kupendwa.

Kisha akaja Mzee Arap Koech kutoka Sigor, mwanajeshi mstaafu, saratani ya utumbo. Mgongo wima, viatu vinang'aa. Kila nilipomuuliza maumivu yake ni mangapi, kuanzia sifuri hadi kumi, alijibu, "Sifuri, sista." Nyuma yake mkewe, Mama Chebet, alitikisa kichwa.

Alipokuja mara ya pili, nilitoka kwenda kuchanganya dawa. Niliporudi nikakuta kwenye faili yake mwandiko nisioujua, wa herufi zilizolala: *Maumivu saba. Halali usiku.*

"Nani ameandika hapa?"

"Ni yule sista mwingine," mzee akasema, na uso wake ukalainika. "Yule anajua kuuliza."

Anajua kuuliza! Na mimi je, niliyesomea kazi hii? Niliwauliza wenzangu, hakuna aliyemjua. Mara ya tatu ikawa vilevile: natoka, narudi, mwandiko upo. Nikaanza kuchanganya dawa mbiombio. Nikawa naacha mlango wazi nichungulie. Usinicheke. Umewahi kumwonea wivu mtu ambaye hujamwona? Unamtengenezea sura wewe mwenyewe. Wangu nilimfanya kijana, mwembamba, mwenye vyeti kunishinda.

Mara ya nne mzee alikuja peke yake, maana Mama Chebet alibaki na ng'ombe aliyekuwa anazaa. Nikafungua faili. Mwandiko ulikuwa umenitangulia: *Ametetemeka usiku. Amemeza vidonge asubuhi ili kipimajoto kisimsengenye. Asipewe dawa leo.*

Nikampima joto. Sawa kabisa.

"Mzee, ulikuwa na homa?"

"Hapana, sista. Niko imara."

Unaona, nikajiambia, sasa yule sista anataka kuniendeshea chumba changu. Nikaichana karatasi ile, nikaitia mfukoni. Linalofuata ni gumu kusema. Kanuni ni kungoja majibu ya damu kutoka maabara kabla ya kufungua dawa. Sikungoja. Nilitaka dawa iwe inadondoka kabla yule hajafika.

Nikatundika mfuko wa dawa, nikaunga mpira wake wa kupitishia dawa. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, hii yetu ya saa tisa inayorarua majani ya chai, na stima ikapotea. Nikanyoosha mkono nifungue. Mkono mwingine ukanitangulia.

Ng'ambo ya kitanda alisimama mama wa makamo, mnene kidogo, ndani ya sare ya khaki ya zamani iliyopigwa pasi. Nje ua wote ulikuwa mweupe kwa mawe, lakini yeye hakuwa na tone hata moja. Alikuwa ameubana mpira kwa vidole viwili.

"Kumbe ni wewe unayeniharibia faili!" Niamini, hilo ndilo lililonitoka. Wivu haukuniachia hata nafasi ya kuogopa.

"Hujamuuliza vizuri, mwanangu," akasema bila hasira. Kisha akamgeukia mzee. "Koplo! Ripoti ya askari wa kitanda cha nne."

Kitanda cha nne kilikuwa cha mzee mwenyewe. Mzee akanyooka.

"Afande, askari wa kitanda cha nne ametetemeka tangu jana jioni. Amemeza vidonge viwili alfajiri. Anaogopa kurudishwa nyumbani bila dawa."

Miezi yote ile, kumbe ilikuwa hivyo tu! Mwanajeshi hajilalamikii, lakini mwenzake atamsemea hadi mwisho. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilimshika vidole vile nivibandue kwenye mpira wangu. Ilikuwa kama kushika barafu. Hapo simu yangu ikalia. Ni maabara.

"Sista, yule Koech, usimpe kitu! Chembe nyeupe karibu hakuna."

Nilipoinua macho, yule mama hakuwepo. Mpira ulikuwa bado umefungwa. Ile dawa ingeingia, ingemmalizia askari wachache waliobaki, na mimi ndiye ningekuwa nimemuua.

Tulimlaza siku hiyohiyo, akapewa dawa za kupigana na maambukizi. Siku ya sita, homa ilipokwisha, nikamuuliza yule ni nani.

"Sajini Rhoda, muuguzi wetu wa kambini. Jeneza lake nililibeba mimi."

"Na hukuogopa?"

"Niogope nini? Mara ya kwanza nilimwambia yeye kwa kuwa nilidhani hatakuambia wewe wala Mama Chebet." Akacheka hadi akashika tumbo. "Nani amewahi kuona marehemu akiandika faili?"

Mzee alimaliza matibabu, na bado huniletea maziwa. Lakini vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, vile nilivyomshikia, ni baridi mpaka leo, hata nikivishikisha kikombe cha chai ya moto. Nikiviweka kwenye paji la uso wa mgonjwa, nahisi homa ambayo kipimajoto hakijaiona. Wananisifu kwamba nina mkono mzuri. Mimi najua ni wa nani, na wivu bado hunichoma.

Basi, wewe uliye kwenye kemo, usimeze kitu kuficha homa. Si aibu, njoo tu, tutakupokea. Ukiwa na mzee wa jeshi nyumbani, muulize askari wa kitanda chake ameamkaje. Na wewe muuguzi mwenzangu, ukikuta kwenye faili mwandiko usioujua, tafadhali, usiuchane.