Daftari la Waliosamehewa

Dorkas hakuwahi kusubiri pembe ya msaragambo ilie. Siku ya kazi ya kijiji watu wa kule juu ya Gonja hutoka majumbani wakishaisikia. Yeye pembe ilimkuta njiani, ameshavuka kijito, gongo kwapani, nyundo imefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti akiwa na miaka ishirini na mitatu, baada ya kuangukiwa na gogo la mkaratusi. Njia ambayo jirani zake waliishuka kwa nusu saa, yeye ilimchukua saa moja na nusu. Kwa hiyo alitangulia.

Msaragambo ni kazi ya wote: kuzibua mifereji, kutoa tope kwenye ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba, kutengeneza barabara mvua ikishaiharibu. Dorkas aliponda kokoto. Alikaa juu ya karai lililogeuzwa, akaunyoosha mguu mzima mbele yake, akagonga mawe mpaka wenye miguu miwili waseme wamechoka.

Mwenyekiti wa kitongoji, Anderson, alikuwa na daftari. Ukurasa mmoja aliandika waliofika, wa pili aliandika waliosamehewa: wazee, wajawazito, wagonjwa, walemavu. Mwaka wangu wa kwanza katika kata ile nilimwona akimwandika Dorkas ukurasa wa pili, kwa huruma tu. Sijui Dorkas alijuaje. Aliita kwa sauti ya kusikiwa na mlima mzima.

"Anderson! Umenisamehe kosa gani?"

"Aa, dada Dorkas, si kosa. Ni hali."

"Hali ya nani? Hizi kokoto zimepondwa na hali?"

"Mfute, mwenyekiti," mama mmoja akadakia, "kabla hajakufuata na nyundo!"

Watu wakacheka, Anderson akafuta. Nami nilicheka, nimesimama na kalamu yangu na viatu vyangu safi. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na nilimpenda Dorkas tangu siku ile. Kila nilipopita nilimwamkia, "Shikamoo dada," naye akajibu bila kuiweka nyundo yake chini, "Marahaba mdogo wangu. Mbona umekonda? Ofisini hawapiki makande?"

Naandika haya ili ijulikane kwamba nilimfahamu. Siwezi kusema sikumfahamu.

Mwaka wa sita ikaja barua kutoka wilayani. Wataalamu wa serikali wangefika mjini Same kwa siku mbili kuwapima watu wenye ulemavu, ili watengenezewe miguu ya bandia na wapewe viti mwendo bila malipo. Kila kata ipeleke majina, na afisa athibitishe kwamba ameyahakiki nyumba kwa nyumba. Nilipewa siku tano. Ulikuwa mwezi wa nne, njia za juu zilikuwa utelezi mtupu, na wiki ile nilikuwa na mafua. Nasema mafua kwa sababu ndiyo niliyojiambia wakati ule.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mmoja mpole anayeitwa Rodgers.

"Walemavu?" akasema. "Mbona wote tunao, madam. Si hawa hapa waliosamehewa msaragambo?" Akanisogezea daftari la Anderson.

Nikanakili majina kumi na moja nikinywa chai ya tangawizi. Chini nikaandika, "Nimehakiki majina haya nyumba kwa nyumba," nikatia sahihi na muhuri. Chuoni tulifundishwa kwamba afisa anahakiki kwa macho yake, na katika mtihani swali hilo nilipata alama zote. Jina la Dorkas halikuwemo. Lingekuwemoje? Hakuwahi kukubali kusamehewa.

Sikulikumbuka. Hiyo ndiyo sehemu ninayorudi kuitafuta na siipati: ni wakati gani hasa nilipaswa kulikumbuka. Nilipita daraja lililomwagwa zege kwa kokoto zake nikiwa na ile orodha mkobani.

Siku ya safari gari la halmashauri lilisubiri chini barabarani, alfajiri kukiwa na ukungu. Nilipofika na orodha, Dorkas alikuwa ameshafika. Alisikia tangazo kanisani Jumapili, akatoka kwake saa kumi usiku. Alivaa gauni la kitambaa cha kung'aa, na alikuwa ameosha ile ncha ya mguu akaipaka mafuta, ikawa inang'aa chini ya pindo.

"Leo umechelewa, mdogo wangu," akaniambia. "Nisomee jina nipande, kiti cha mbele ni changu."

Nikasoma yote kumi na moja. Watu wakapanda, wengine wakapandishwa. Akabaki yeye.

"Hujanisoma."

"Dada Dorkas, jina lako halipo."

"Angalia vizuri. Labda umeandika la baba."

Nikajifanya naangalia. Karatasi ilikuwa na majina kumi na moja tu. Hata asiyejua kusoma angeona mwisho wake. Akangoja, gongo limezama kwenye tope. Kisha akasema polepole, kama mtu anayenisaidia, "Sasa huu mguu ambao haupo, na wenyewe unatakiwa uandikwe wapi?"

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Ningeweza kumpandisha tu garini, nafasi ilikuwepo, na huko mjini nikaeleza. Lakini kueleza kungekuwa kukiri kwamba sikupanda mlima kufika kwa mtu hata mmoja, na ile sahihi ilikuwa yangu.

"Orodha imetoka kijijini," nikasema. "Mimi nimeletewa tu. Subiri awamu nyingine."

"Madam, tuondoke," Iddi, dereva, akaita. "Same ni mbali."

Dorkas akasogea pembeni gari lipite. Aliangalia matairi tu, yasije yakamrushia tope kwenye gauni.

Mjini wataalamu walifanya kazi haraka. Zamu ya mzee Prosper, mmoja wa wale kumi na moja, ilipofika, mpimaji alichuchumaa na utepe wake.

"Mzee, tatizo liko mguu upi?"

"Mguu? Miguu yangu mizima kabisa. Mimi nafungua maji ya ndiva, ndiyo maana siendi kuponda mawe."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Nimesomwa jina. Nikajua ni mambo ya presha."

Wapimaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha kalamu. Nikacheka nao. Mbele yangu kulikuwa na kiti kitupu na mtu mwenye utepe asiye na wa kumpima, na Dorkas alikuwa mwendo wa saa nyingi nyuma yangu, huenda bado anapanda mlima kurudi kwake. Jina la Prosper likakatwa kwa mstari. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye msaragambo nikiwa nimepanga maneno yangu. Karai halikuwepo. Nikamuuliza Anderson kama Dorkas anaumwa.

"Haumwi," akasema bila kunitazama. "Amekuja mwenyewe juzi akaniomba nimwandike huku." Akafungua ukurasa wa pili. "Amesema serikali inasoma huku tu."

Hapo ndipo nilipopanda. Miaka sita katika kata ile na sikuwa nimewahi kufika kwa Dorkas. Kuna mahali nilishika mizizi kwa mikono. Nilimkuta uani anapukuchua maharage.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, madam. Karibu kigoda."

Hakuwahi kuniita madam kabla ya siku ile. Nikaketi nikamwambia yote: daftari, chai, sahihi, na ule uongo wa barabarani kwamba orodha imetoka kijijini. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza akauliza, "Umetumia muda gani kupanda?"

"Kama saa nzima."

"Na viatu hivyo."

"Ndiyo."

"Basi ni karibu." Akamwaga maharage kwenye ungo. "Nilidhani hukuja kwa sababu ni mbali."

Nikamwomba amrudie Anderson ili afutwe kwenye ule ukurasa wa pili, nikamwahidi jina lake nitalipeleka mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Nikifutwa huku nitakuwa sipo popote. Niache hapo kwanza, mguu uje."

Niliandika barua wilayani, nikaeleza kwamba uhakiki haukufanyika, nikaomba Dorkas apimwe. Nikapewa onyo la maandishi, na jina lake likawekwa la kwanza kwa awamu ijayo. Nilirudi mlimani nikapita kila nyumba, na juu kabisa nikawakuta wengine wawili ambao daftari halikuwajua. Awamu ijayo haikuwa na tarehe. Kila mwezi nilipiga simu, kila mwezi nikajibiwa kwa upole. Kule barabarani kokoto ziliisha, wakaanza kuzileta kwa trekta.

Baada ya miezi kumi na minne nikapata uhamisho kwenda upande wa Mwanga, tambarare ya Kwakoa. Nilipanda kumuaga Dorkas na kumwachia namba ya mwenzangu aliyechukua nafasi yangu. Alikuwa bado na gongo lake, na kwapa limeota sugu. Akaipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaichomeka kwenye kilemba. Nikamwambia kwamba wataalamu watakuja, nami nitaendelea kuwafuatilia hata nikiwa huko. Akanisindikiza mpaka mwisho wa uwanja wake, pale njia inapoanza kuteremka.

"Kwakoa hakuna milima, madam," akasema. "Huko hutakuwa na cha kusingizia."